Kompyuta niliyoiunda mwenyewe haiwaki: amri inapotelea wapi?

Swali: Nimeunda kompyuta yangu ya kwanza kwa mkono wangu. Nikibonyeza kitufe, kimya. Hakuna feni inayozunguka, hakuna mlio, hakuna picha. Kitaa kidogo kwenye ubao mama kinawaka muda wote. Nilidhani pawa saplai (kile kiboksi kinachogawa umeme kwa vifaa vyote) ni mbovu, nikaazima ya rafiki yangu ambayo kwake inafanya kazi, nikaichomeka kwenye waya zilezile nilizokwisha kuzipanga ndani ya kasha ili nisianze upya. Bado kimya. Je, ubao mama umekufa? Ninunue mwingine?

Jibu: Usinunue kitu bado, ndugu yangu. Na kabla hatujafika kwenye ubao, nenda ukachomoe waya ya ukutani, kwa sababu kuna jambo moja kwenye maelezo yako lililonishtua kuliko huo ukimya.

Umesema ulibadilisha pawa saplai ukaacha waya zilezile. Waya zinazochomoka pande zote mbili hazihamishwi kutoka pawa saplai moja kwenda nyingine. Upande unaoingia kwenye ubao mama una mpangilio mmoja unaofuatwa na wote. Upande unaoingia kwenye pawa saplai yenyewe hauna mpangilio wa pamoja: kila mtengenezaji hupanga pini anavyoona, na hata mtengenezaji yuleyule anaweza kupanga tofauti kati ya toleo na toleo. Ubaya ni kwamba plagi mara nyingi inaingia vizuri tu, inabana, inatoa ule mlio wa kukaa sawa, kisha volti 12 zinapita njia iliyosubiri volti 5. Nimeona diski nzima zikizikwa kwa kosa hili, tena na watu wazoefu waliokuwa wavivu kidogo siku hiyo.

Kwako kuna dalili ya afadhali: kitaa bado kinawaka, kwa hiyo angalau njia moja ya umeme ilikuwa mahali pake. Hiyo haithibitishi kwamba njia nyingine zote zilikuwa salama. Rudisha pawa saplai yako ya mwanzo pamoja na waya zilizokuja nayo kwenye boksi lake, na ya rafiki yako mrudishie pamoja na zake. Diski zote za waya ziache zimechomolewa hadi mwisho kabisa wa zoezi hili.

Sasa tuje kwenye kitaa. Watu wengi wakiona kinawaka huamini pawa saplai ni nzima. Kitaa hakisemi hivyo. Ndani ya pawa saplai kuna sehemu ndogo isiyolala, inayotoa volti 5 muda wote ilimradi waya imechomekwa ukutani na swichi ya nyuma imewashwa. Kazi yake ni kuuweka ubao macho nusu ili usikie kitufe kikibonyezwa. Kitaa kinakula kwenye sehemu hiyo ndogo. Sehemu kubwa, inayotoa volti 12, 5 na 3.3 za kuendesha prosesa (ubongo wa kompyuta) na feni na kila kitu, bado imezimwa, na inaweza kuwa mbovu huku kitaa kikimeremeta.

Zamani mambo yalikuwa rahisi. Kwenye kompyuta za kabla ya ATX, mpangilio wa pamoja wa ubao mama, kasha na pawa saplai ambao Intel waliutoa mwaka 1995, kitufe cha mbele kilikuwa swichi ya umeme wa ukutani kwelikweli: waya nene zilitoka nyuma mpaka kwenye uso wa kasha, unabonyeza, umeme unapita. Tangu ATX, kitufe hakiwashi chochote. Kitufe kinagusanisha pini mbili kwa nukta ya sekunde, yaani kinatoa ombi. Ubao unalisikia ombi, kisha unaishusha waya moja ya kijani mpaka karibu na volti sifuri. Pawa saplai ikiona waya ya kijani imeshuka, inafungua sehemu kubwa, inajipima, na ikiridhika inapandisha waya ya kijivu kuuambia ubao kwamba umeme umetulia. Hapo ndipo prosesa inaachiwa ianze kazi.

Kwa hiyo swali la "nini kimekufa" limekuja mapema mno. Kwanza tujue amri inaishia wapi: kwenye kitufe, kwenye ubao, au kwenye pawa saplai. Kubadilisha kifaa kimoja baada ya kingine bila kujua hilo ni kupiga ramli, na ramli ya kompyuta ina gharama.

Anza na kitufe, kwa kuwa ndicho rahisi na ndicho chenye makosa mengi kwa mtu anayeunda mara ya kwanza. Vile viplagi vidogo vya mbele ya kasha huingia kwenye kundi la pini lililo kwenye kona ya chini ya ubao, na maandishi yake ni madogo kiasi cha kukera. Fungua kitabu cha ubao, tafuta mchoro wa kundi hilo, tambua pini mbili za kitufe cha kuwashia. Chomoa kiplagi kilichopo. Rudisha umeme, kisha gusa pini hizo mbili kwa pamoja na ncha ya bisibisi bapa, sekunde moja tu, uondoe. Usiogope, volti zilizopo hapo ni ndogo. Ogopa kuteleza na kugusa pini za jirani. Kompyuta ikiwaka, tatizo ni kitufe au ulikichomeka pasipo pake, na swali lako limekwisha. Kiplagi cha kitufe hakijali upande gani uko kushoto. Taa za mbele ndizo zinazojali. Kama kitufe chenyewe ndicho kibovu, chukua kiplagi cha kitufe cha kuanzisha upya ukiweke pale. Ni vitufe vya aina moja ndani, na kuna watu wametumia kompyuta miaka kwa mtindo huo.

Isipowaka kwa bisibisi, tafuta multimita, kile kifaa cha kupimia umeme. Najua wengi hawana, lakini ya bei ya chini kabisa inatosha, na itakuokoa na kununua ubao usiouhitaji. Iweke kwenye volti za DC (umeme wa mkondo mnyoofu, kama wa betri), kipimo cha 20. Plagi kubwa ya pini 24, ile inayoleta umeme kutoka pawa saplai, iache ikiwa imechomekwa kwenye ubao. Waya nyeusi ya multimita iguse waya yoyote nyeusi ya plagi hiyo kwa kuingiza ncha kutoka nyuma, pale waya zinapoingilia. Nyekundu utaihamisha.

Pima kwanza waya ya zambarau. Hiyo ndiyo ile ya volti 5 zisizolala, nayo inapaswa kusoma kati ya 4.75 na 5.25. Ikisoma 4.2, kitaa kinaweza kuwaka vizuri tu huku ubao hauna nguvu ya kuitikia, na hapo mkosaji wa kwanza ni pawa saplai. Kisha hamia kwenye ya kijani. Kabla ya kubonyeza inatakiwa isome kati ya volti 3 na 5. Mwombe mtu aguse zile pini za kitufe huku wewe ukitazama namba. (Pawa saplai nyingi za sasa zina waya nyeusi tupu bila rangi yoyote. Basi utahesabu: zambarau ni pini ya 9, kijani ni ya 16, na majirani zake 15 na 17 ndizo zinazoshika nafasi ya ile nyeusi. Hesabu kwa mchoro wa kitabu chako, usihesabu kwa kumbukumbu, kwani ukiigeuza plagi hesabu nayo inageuka.)

Namba ya waya ya kijani ndiyo itakayokujibu kuhusu ubao wako. Ikibaki palepale juu unapobonyeza, amri haijatoka: ubao ama hausikii, ama umesikia ukakataa. Ikishuka hadi karibu na sifuri na bado hakuna kinachozunguka, ubao umefanya kazi yake na kinachokataa ni pawa saplai. Lakini kukataa huko kuna sababu mbili zilizo tofauti sana. Huenda ni mbovu. Huenda pia ni nzima na imeona shoti mahali fulani, ikajifunga ili isiunguze vitu.

Kutenganisha hizo mbili si kazi. Zima, chomoa ukutani, ondoa plagi ya pini 24 na plagi nyingine zote kutoka kwenye mashine. Acha feni moja ya kasha tu kwenye pawa saplai kama ina plagi inayoweza kuingia huko. Kunja kibanio cha karatasi kama herufi U, kiingize kwenye tundu la kijani na tundu jeusi la jirani, kisha rudisha umeme. Umefanya kwa mkono kile ambacho ubao hufanya. Ikizunguka, sehemu kubwa inafunguka ikiwa peke yake. Isipozunguka, usihukumu kwa feni yake ya ndani tu, maana pawa saplai nyingi za siku hizi huiacha feni imetulia mpaka zipate joto. Tazama ile feni ya nje, au pima waya ya njano: 11.4 hadi 12.6 ndiyo mipaka inayokubalika. Na hata ikipita mtihani huu, imepita bila mzigo. Haijathibitika kwamba itavumilia prosesa na kadi ya grafiki.

Ikishindwa, irudishe ulikoinunua. Usiifungue. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu tabia ya fundi ni kufungua kila chenye skrubu. Kapasita kubwa ya ndani (kifaa kinachohifadhi umeme) huweza kukaa na chaji ya volti zaidi ya 300, na haijali kwamba ulichomoa waya nusu saa iliyopita.

Tuseme imepita. Basi tunatafuta shoti, na hapa naomba ukumbuke vizuri kitu kimoja: ulipobonyeza kitufe, feni ya prosesa haikutikisika hata robo ya mzunguko? Watu wengi husema "kimya kabisa", kisha ukiwaambia wakae wakikodolea feni macho wanaona inashtuka kidogo na kusimama. Mshtuko huo una maana kubwa. Unaonyesha kwamba amri ilifika, pawa saplai ikafungua, ikaona hatari, ikafunga. Zaidi ya hapo, nyingi zikijifunga namna hiyo haziitikii tena mpaka uzichomoe ukutani kwa muda kidogo. Ndiyo maana mara ya kwanza inashtuka na mara kumi zinazofuata ni kimya, na mwenye mashine huanza kuamini kwamba ameiua kwa kubonyeza.

Kompyuta ya pili niliyounda maishani ilinifanyia hivyohivyo. Nilikuwa nimetumia kasha la zamani lililowahi kubeba ubao wa umbo jingine. Vile vijiguu vya chuma vinavyouinua ubao usiguse bati la kasha vilikuwa bado vimefungwa kwa mpangilio wa ubao wa kwanza, na kimoja kilibaki mahali ambapo ubao wangu mpya haukuwa na tundu la skrubu. Kilikuwa kinagusa chini ya ubao, kwenye nukta za risasi. Nilibadilisha RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), nikabadilisha pawa saplai, nikamlaumu aliyeniuzia prosesa. Jioni ya siku ya pili nilitoa ubao nikaona alama ndogo ya mkwaruzo mgongoni mwake, ya duara, ukubwa uleule wa kijiguu. Nikakiondoa na mashine ikawaka mara moja. Ubao haukudhurika, kwa sababu pawa saplai ilikuwa ikijifunga kila mara nilipokuwa nikiitukana.

Kwa hiyo toa ubao nje ya kasha. Najua ni kazi ya kuudhi baada ya kupanga waya vizuri, lakini hakuna hatua nyingine inayoondoa washukiwa wengi kwa mkupuo. Kwanza chomoa ukutani na ubonyeze kitufe mara mbili tatu. Kitaa kitafifia na kuzimika, ndipo ujue chaji imekwisha. Ulaze ubao juu ya boksi la karatasi ulilokuja nalo. Usiulaze juu ya ule mfuko wa kung'aa wa kuzuia umeme tuli: baadhi ya mifuko hiyo hupitisha umeme kwa upande wa nje, nawe unatafuta shoti, hutaki kuongeza nyingine. Acha prosesa na kipoza joto chake, kipande kimoja cha RAM, plagi ya pini 24 na plagi ya prosesa. Basi. Kadi ya grafiki nje, diski nje, feni za kasha nje, USB za mbele nje. Washa kwa bisibisi.

Ikiwaka hapo juu ya boksi, ubao wako ni mzima na mkosaji alibaki kwenye kasha au kwenye vile ulivyovitoa. Hesabu vijiguu na uvilinganishe na matundu ya ubao, kimoja kimoja. Tazama lile bati la nyuma lenye matundu ya plagi: huwa lina vilimi vyembamba, na kimoja kikipinda huingia ndani ya tundu la USB au la mtandao. Angalia kama kuna skrubu iliyodondoka nyuma ya ubao. Angalia kundi la pini za USB za mbele kama kuna iliyolala na kugusa ya pili. Kisha rudisha vitu kimoja kimoja, ukiwasha kila baada ya kimoja. Usirudishe viwili kwa pamoja kwa kuwa umechoka.

Plagi ya prosesa inahitaji neno la peke yake, kwani kila mwezi nakutana nayo. Ni ile ya pini nane inayoingia juu kushoto ya ubao, karibu na prosesa, mara nyingi ikiwa imegawanyika nne kwa nne. Kuna nyingine ya pini nane inayofanana nayo sana, iliyogawanyika sita kwa mbili, na hiyo ni ya kadi ya grafiki. Zinafanana kwa macho lakini volti 12 na waya za kurudishia zimekaa pande zinazopingana, na maumbo ya pini yametengenezwa tofauti ili zisiingiliane. Mwenye nguvu na papara huziingiza. Ukiwa umeilazimisha hiyo ya grafiki kwenye ubao, umetengeneza shoti wewe mwenyewe, na dalili ni hizihizi zako. Na kama hukuchomeka kabisa plagi ya prosesa, tabia hutofautiana kwa ubao: mwingine huzungusha feni bila picha, mwingine hukataa kabisa.

Kama juu ya boksi bado ni kimya na waya ya kijani haishuki, ondoa hata hicho kipande cha RAM ujaribu tena. Ukiona feni zinazunguka bila RAM, umempata. Toa pia betri ya mviringo ya volti 3, ile CR2032, ukiwa umechomoa ukutani, subiri dakika chache, rudisha. Sitegemei sana hatua hii kwa ubao mpya, lakini haigharimu kitu. Baada ya hapo inua kipoza joto na uitazame prosesa. Kwenye prosesa za Intel za kompyuta za mezani tangu 2004, na za AMD za soketi (kiti cha prosesa kwenye ubao) ya AM5, pini ziko kwenye soketi ya ubao. Kwenye AMD za soketi ya AM4 ziko kwenye prosesa yenyewe. Tumia tochi kutoka pembeni, si kutoka juu. Pini iliyopinda huonekana kwa sababu inarudisha mwanga tofauti na wenzake. Futa pasta ya joto ya zamani na upake mpya kabla ya kurudisha kipoza joto, tena usikikaze kama unafunga gurudumu la lori, maana soketi iliyobanwa upande mmoja hupoteza mguso wa pini za upande wa pili.

Dalili nyingine usiyoitaja, ila huenda ikajitokeza ukiwa kwenye majaribio haya: mashine inawaka, inakaa sekunde nne au tano, inazima, kila mara kwa muda uleule. Usiilaumu pawa saplai. Kushikilia kitufe kwa sekunde nne ndiyo amri ya kuzima kwa nguvu, kwa hiyo kitufe kilichonasa ndani hutoa amri mbili kwa mfululizo.

Na feni zikianza kuzunguka lakini skrini ikabaki nyeusi, subiri. Kama RAM yako ni ya kizazi cha DDR5, mara ya kwanza ubao hujifunza kuongea nayo kwa dakika kadhaa, na wengi huizima katikati ya somo na kuanza upya bila kujua. Kipande kimoja kiwekwe kwenye tundu linalotajwa na kitabu, kwa kawaida la pili kutoka kwa prosesa. Prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni hazina picha yake yenyewe, kwa hiyo kwa hizo waya ya skrini lazima itoke kwenye kadi ya grafiki. Ubao ukiwa na vitaa vinne vyenye majina CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA (picha) na BOOT (kuanza kwa mfumo), kile kinachobaki kikiwaka ndicho kinachokwambia uende wapi.

Ubao nitauhukumu nikiwa na haya yote mkononi: zambarau inasoma vizuri, bisibisi imegusa pini sahihi, ubao uko juu ya boksi bila RAM, pini za soketi zimenyooka, na kijani bado haishuki. Hapo ndipo utaurudisha kwa muuzaji, na ukienda mweleze kipimo cha kijani kwanza. Usiseme tu "haiwaki", utasikia ujaribu pawa saplai nyingine. Mweleze pia ukweli kuhusu zile waya ulizochanganya. Na kabla hujaufunga kwenye boksi, kama ni wa soketi yenye pini, kirudishe kile kifuniko cha plastiki kilichokuja juu yake. Ukifika bila hicho na njiani pini ikapinda, lawama itakuwa yako hata kama ubao ulikuwa mbovu tangu mwanzo.